Dakika Nane za Tajudini

Charleroi, 11 Februari 2024

Baba,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, ni baridi tu inayotuonea. Houda jino la pili la mbele limeng'oka na sasa kila akisema neno lenye S anapiga mluzi. Maxime anakusalimu sana, mkweo huyo hajaacha kuulizia mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukaanga.

Tangu Desemba nakupigia simu, hushiki. Binamu Anouar anasema simu yako imekufa spika, na kwamba umeagiza nikiwa na neno niandike. Haya, naandika. Karatasi hii anakuja nayo Christa anayekwenda likizo kwao. Umegeuka mtu wa zamani ghafla, baba, lakini neno ninalo kweli. Jana nimeona *Matete*.

Usicheke. Sinema ya hapa mjini ilibandika picha: katuni ya Kijapani ya miaka zaidi ya thelathini, imesafishwa, inarudi kwa wiki mbili tu. Jina lake huku ni jingine kabisa, sikuitambua. Nilimpeleka Houda kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na amechoka kukaa ndani. Foleni ilizunguka kona: vijana wenye nywele za kijani, wazee na fimbo zao, wamama na watoto. Nikajiuliza hawa wote wanatafuta nini kwenye katuni kuukuu. Taa zikazimwa, bwawa likaonekana, na yule mnyama mkubwa akainuka majini na matete yamemwota mgongo mzima. Nikasema kwa sauti, mbele ya Wabelgiji wote, "Bwana Matete!" Houda aliona haya akajifunika kofia.

Kila kitu kilikuwepo. Wanakijiji wanaokausha ziwa ili walime. Yule mkubwa wao, ambaye ulipokuwa ukitutafsiria kwa mikrofoni ulimpa sauti ya chefu wa zoni, mkuu wa mtaa wetu, aliyetaka kufunga salle yetu, ukumbi wako wa video, watoto wakavunjika mbavu. Mtoto Nsimire, uliyemwita kwa jina la mama wa Bukavu aliyeuza maandazi mlangoni. Mama yake Nsimire anaposhuka kisimani na taa yake, kwenda kuyaita maji yaliyokimbilia chini ya ardhi. Nilikuwa namnong'oneza Houda maneno yako kabla wao hawajafungua midomo. Miaka ishirini na tisa, na hakuna hata moja lililonitoka.

Halafu mwisho. Maji yanarudi, matete yanaota upya, Nsimire anakaa ukingoni anangoja. Zile dakika nane. Nilimwambia Houda, tulia sasa, mama yake atasema kutoka ndani ya maji. Tukangoja. Baba, hakusema. Yalisikika maji tu, na ndege, kisha yakapita majina, kisha taa zikawaka.

Nililia mpaka mzee wa kiti cha pembeni akanipa kitambaa chake. Nikamfuata msichana wa tiketi, nikamwambia mmeikata filamu, mmemkata mama wa watu ulimi, nani kawapa ruhusa? Akamwita meneja wake. Meneja akaapa haijakatwa hata kidogo. Mi sikumwamini. Watu wakishasema wamekisafisha kitu, ujue kuna walichokitupa.

Nakuomba jambo moja. Chukua simu ya Anouar unirekodie yale maneno ya mwisho kwa sauti yako. Houda hajawahi kukusikia ukifanya kazi. Dakika nane tu, baba.

Binti yako,
Lubna

*

Cibitoke, Bujumbura, 3 Machi 2024

Mama yangu Lubna,

Wa alaykum salaam. Christa amefika, kanenepa, barua ameitoa kwenye soksi kana kwamba ni almasi. Nimeisoma mara tatu. Eti uligombana na meneja mbele ya watu! Hiyo damu si yangu, hiyo ni ya marehemu mama yako, Waridi, ambaye aliwahi kumrudisha mwuza kuku sokoni mpaka akaomba msamaha kwa kuku.

Wanaopanga foleni huko mi nawaelewa. Ile kaseti ilinifikia imechakaa, haina jalada, haina maandishi ninayoyasoma, sauti ni Kijapani kitupu. Niliiona peke yangu mara moja, sikuelewa neno, na nikaelewa yote. Ni filamu ngapi ziko hivyo? Za karate nilizitafsiri mia nne, leo sikumbuki hata moja. Hii umeme ulipokatika katikati niliendelea kusimulia gizani, na watoto sitini hawakutoka hata mmoja. Nje mnakumbuka kulikuwa na vita gani mwaka ule. Ilikuwa bora wabaki ndani na Bwana Matete.

Ziwa limepanda, mwanangu. Kule Ruziba limeingia uwanjani kwa bibi yako, ukuta wa jiko umeanguka. Limefika hata makaburini. Watu wanasema limekuja kuchukua vyake. Nilipokuwa mzima wa miguu nilikuwa naenda kila baada ya Ramadhani kumsomea mama yako Fatiha, na we unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda wote. Mwaka huu sijui nitasimama wapi.

Ya kurekodi, hapana. Sauti yangu ni ya salle. Bila mkeka, bila jasho la watoto, bila yule mama Nsimire wa maandazi kugonga mlango anataka vyombo vyake, itakuwa chai bila sukari. Houda nitamfanyia uso kwa uso.

Na hilo la kukatwa, usiumize kichwa. Filamu ikizeeka hupitia mikono mingi, kila mkono unapunguza kitu. Pengine kopi yetu ndiyo ilikuwa kamili. Ramadhani njema kwenu, na mwambie mjukuu wangu jino lake asilitupe ovyo.

Mimi baba yako,
Tajudini

*

Charleroi, 7 Aprili 2024

Baba,

Nimenunua diski yake, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Nimeiangalia mara mbili, ya pili na daftari mkononi, nikiandika kila wanachosema.

Kopi yetu haikuwa na cha zaidi. Hakukuwa na kopi nyingine, filamu ni hii moja. Mama wa Nsimire tangu anaingia kisimani hasemi tena hata neno moja. Amekufa, baba. Maji yale ndiyo yeye. Kila mtu duniani aliyeiona filamu hii anajua kwamba yule mama amekufa, isipokuwa watoto wa Cibitoke.

Nataka nikukumbushe, maana unapenda mizaha na mizaha inasahaulisha. Nilikuwa na miaka saba. Mliniambia mama ameenda Ruziba kumuuguza bibi. Jumamosi ukanikalisha mkeka wa mbele, ukashika mikrofoni, na maji yaliporudi ukasema kwa sauti ya mwanamke: "Nimechelewa, mwanangu, lakini niko njiani. Weka chungu jikoni." Nilitoka pale mbio. Niliwasha mkaa mwenyewe, nikaweka chungu. Na Jumamosi iliyofuata. Na iliyofuata. Ulikuwa unaingia jikoni, unakitazama, unakiepua maji yakiwa yamekauka. Miaka miwili, baba! Mpaka bibi wa Ruziba alipokuja kwetu kwa miguu yake, mzima, peke yake. Hapo nikajua mwenyewe, hakuna aliyeniambia.

Sikukulaumu wakati ule. Unajua kwa nini? Nilidhani filamu ndiyo iliyosema hivyo. Nilidhani wewe kazi yako ilikuwa kutafsiri, kwamba Mjapani alituahidi, tukadanganywa wote wawili, mi na wewe, tukiwa tumeshikana mikono. Nimeishi na hilo, na lilinipa nguvu. Nikiwa na huzuni nilijiambia, hata baba alingoja. Kumbe wewe hukungoja. Wewe ulikuwa unajua, ukaniacha nipike maji.

Sasa hushiki simu. Unaniandikia habari za kuku. Sitaki barua nyingine. Nipigie, uniambie kwa mdomo wako kwa nini ulinifanyia vile. Kama huwezi kulisema kwa mdomo, usiniandikie tena.

Lubna

*

Cibitoke, 25 Aprili 2024

Lubna,

Nimesoma. Una haki kwa kila neno.

Simu sitapiga. Usiniulize kwa nini. Jambo kama hili halipiti kwenye simu, mtu inabidi aliseme amekaa mbele ya mwenzake. Kwa hiyo nakuja. Pasipoti iko tayari, viza wameniambia nisubiri, Julai inshallah utanikuta mlangoni kwako na koti la kuazima. Nitakujibu yote. Na Houda nitamfanyia *Matete* tangu mwanzo mpaka mwisho, hata sauti ya ng'ombe.

Usikasirike mpaka Julai. Ukikasirika sana kabla sijafika, nitakuta imekwisha, nitakosa ya kuomba msamaha.

Baba yako

*

Ngagara, Kartiye ya Pili, 5 Mei 2024

Mama Houda,

Labda umenisahau. Mi ni Concilie, tulikuwa tunakaa wote ku mkeka wa mbele, nilikuwa navaa kaptula ya njano ya kaka yangu. Leo mi ni mwalimu wa primeri hapa Ngagara. Kiswahili changu ni hiki hiki cha kwetu, utanisamehe, we umesoma.

Ninavunja kiapo. Baba yako alituapisha, Anouar ameshika Kurani, mi nimeshika Biblia, yeye amesimama katikati na chaki mkononi kama mwalimu mukuu. Nitaungama Jumapili ijayo. Lakini siwezi tena, na hii barua naituma picha ku simu ili ikufikie leo leo.

Si simu ndo imekufa, ni sauti. Ni yeye, Mzee Taju. Mwezi wa kumi na mbili walimupasua koo, ni kansa, wakatoa kila kitu cha kusemea. Sasa anapumulia ku katundu hapa chini ya shingo. Hawezi kusema hata "ndiyo". Nilimuletea ubao mudogo wa shule, ule wa watoto, anaandika, anafuta na mukono wa kanzu. Siku ya kwanza aliandika: *Lubna asijue*. Nikamuuliza, mpaka lini, Mzee? Akaandika: *Sauti yangu ndiyo pekee aliyobakiwa nayo ya nyumbani*.

Pasipoti apana. Viza apana. Na hii wiki kansa imerudi, imeshuka ku mapafu, na daktari alinivuta pembeni akaniambia hata Julai yenyewe apana.

Barua yako ya Aprili mi ndo nilimusomea, macho yake yalikuwa yamechoka. Nilipofika pale unasema kama hawezi kulisema kwa mudomo asikuandikie tena, nikaruka. Akajua. Akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe. Kisha akachukua ubao akaandika: *Ana haki*. Nikatoka nje, nikalia ku barabara, watu wananiangalia.

Kitu cha mwisho, hiki ni changu, hajanituma. We unafikiri sisi watoto tulidanganywa. Apana, mama. Sisi wote tulijua. Mama zetu walitwambia asubuhi ile: mama ya Lubna amekufa, muko munaenda kule, mufunge midomo. Na yale maneno tulijua ni ya baba yako, kwa sababu mudomo wa filamu ulikuwa umefungwa, maji yanatembea na yeye anasema. Hata mutoto anaona. Lakini tulirudi kila Jumamosi, na si kwa sababu yako tu. Kaka yangu mwenye ile kaptula alitoka mwaka ule kununua sabuni, mpaka leo. Kila mutu mule alikuwa na mutu wake. Mzee akisema "niko njiani", mi nilikuwa nasikia kaka yangu. Yule Abdu fundi pikipiki alikuwa anasikia baba yake. We peke yako ndo ulikuwa unaamini. Sisi tulikuwa tunajua, na tulikuwa tunataka kusikia tu.

Njoo, Lubna. Njoo upesi.

Concilie

*

Charleroi, 14 Mei 2024

Baba yangu,

Concilie ameniambia. Usimgombeze, wala Anouar. Ningekuwa pale ningewatuma wakutoe ubao huo mikononi nikuangalie tu.

Nisamehe. Niliandika kitu ambacho mtu hamwandikii hata adui, na nilikuandikia wewe. Kwa mdomo wako! Nimelirudia hilo neno siku tisa sasa, kazini, kwenye basi, nikimwosha Houda nywele. Nakuomba unisamehe.

Tiketi nimepata ya tarehe moja Juni, nafika Jumapili tarehe mbili mchana. Kabla ya hapo kazini hawaniruhusu, nimeomba, nimelia, wamekataa. Diski nakuja nayo. Nimeshapanga: tutakaa wote wawili mbele ya televisheni, we utaandika kwenye ubao na mi nitasema. Nitakuwa sauti yako. Mwisho utaandika unachotaka, hata kama ni uongo, nitausema huo huo.

Ya zamani sitaki jibu tena. Kama ulikuwa unajua au ulikuwa unangoja, yote sawa. Nataka nikukute tu. Siku kumi na tisa, baba. Nakuomba uzivumilie.

Binti yako anayekupenda,
Lubna

*

Cibitoke, 27 Mei 2024

Mama,

Barua yako imefika jana na mfanyakazi mwenzako. Hakuna kusameheana, mambo hayo yamekwisha. Concilie nimemwandikia ubaoni kwamba ni msaliti, akacheka, nami nikacheka kwa mabega, maana ndicho kicheko nilichobaki nacho.

Umesema hutaki jibu. Nitakupa hivyo hivyo, kwa sababu mkono leo una nguvu na kesho ni ya Mungu.

Mama yako alikufa Jumanne, Ruziba, homa na ujauzito wa nduguyo uliokuwa umemzidi. Njia ilikuwa imefungwa, sikuweza kwenda na wewe. Nilikwenda peke yangu kwa miguu kupitia kando ya ziwa, tukamzika kwenye matete, haraka. Nikarudi. Ulikuwa unacheza kamba mlangoni, ukaniuliza bibi amepona? Nikasema bado kidogo. Hapo ndipo nilipokosea, pale mlangoni, si kwenye filamu. Filamu ilikuta nimeshakosea.

Jumamosi nilifungua salle kwa sababu kukaa nyumbani nilishindwa. Kaseti nilikuwa nimeiona kabla, najua kisimani anakufa, nikasema nitafika pale nitanyamaza kama wao. Maji yakarudi. Nikanyamaza. Lubna, mi katika maisha yangu sikuwahi kunyamaza ndani ya salle. Nilisikia watoto wanapumua. Wewe ukageuka kwenye mkeka ukaniangalia, si kwa kulia, ulikuwa unangoja tu nifanye kazi yangu. Nikajua nikinyamaza nusu dakika nyingine nitapiga kelele mbele ya watoto wa watu.

Basi nikasema. Si kwa ajili yako, nisijisifu. Yale maneno yalikuwa ya Waridi mwenyewe. Kila akienda Ruziba alikuwa akimtuma mtu wa samaki aje aniambie: nimechelewa, niko njiani, weka chungu jikoni. Nilitaka kuyasikia mara moja tena. Na niliposema, nilimsikia. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nikarudia.

Umeandika kwamba mimi sikungoja nawe, kwamba nilikuwa najua peke yangu. Ni kweli nilikuwa najua. Lakini chungu chako nilipokuwa nakiepua, kila mara nilikuwa naangalia mlango kwanza. Huo ndio ukweli wangu wote, na ni aibu kwa mtu mzima.

Sasa nimenyamaza miezi mitano, na nimeielewa filamu ya wale Wajapani. Zile dakika nane hawakukosa cha kusema. Waliwaachia watu nafasi, kila mtu aweke wake. Ndiyo maana foleni inazunguka kona mpaka leo. Mi nikawajazia watoto nafasi yao na mtu wangu.

Houda utamwambia nini mi nikiondoka, sijui. Usiniige kwa kuwa ni mimi, wala usiniache kwa kuwa ni mimi. Mi nilichagua vibaya, na nikirudishwa pale kwenye stuli yangu ya salle, wewe umegeuka unaniangalia, nitachagua vile vile.

Jumapili si mbali. Nimemwambia Anouar anunue mukeke wawili.

Baba yako,
Tajudini

*

Cibitoke, Jumatano, 12 Juni 2024

Houda wangu,

Hii naiandika kwa mkono kisha naipiga picha, baba yako akusomee polepole, ukiwa umekaa mapajani kwake. Maxime, usiruke sentensi. Ukiruka atajua.

Nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliandika kwamba babu amesafiri kwenda Ruziba, amechelewa kidogo, atakuja kwetu baridi ikiisha. Ilikuwa barua nzuri, hata mi mwenyewe niliipenda. Nimeichana. Ya pili ilikuwa fupi mno, ilikuwa na ukweli peke yake, ingekuogopesha. Nayo nimeichana.

Babu Tajudini amekufa, mwanangu. Alikufa Ijumaa asubuhi, siku moja kabla sijapanda ndege, wakamzika siku ile ile baada ya sala ya alasiri, ndivyo tunavyofanya sisi. Hawakunipigia ili nisafiri salama. Nilishuka uwanjani nikamwona Anouar, na Concilie amesimama nyuma yake ameukumbatia ubao wa babu, umefutwa safi. Samaki wawili walikuwa bado kwenye friji ya jirani. Babu hatarudi, si Julai, si mwakani. Ukitaka kulia, lia sana, mi nimelia siku kumi na bado sijamaliza.

Nimekwenda Ruziba na Concilie. Kaburi la bibi yako Waridi halionekani, lipo chini ya ziwa. Juu yake matete yameota, mengi, ya kijani kabisa, na ndege weupe wamekaa humo. Babu wamemzika mjini, mbali na maji. Nilisoma Fatiha nimesimama majini mpaka magotini, na Concilie, Mkristo wa watu, akasema amina.

Sasa nikuambie kitu ambacho ungekipenda. Jumamosi wale watoto wa salle walikuja. Usidhani ni watoto, wana vitambi! Abdu fundi pikipiki, mshonaji mmoja, askari polisi na kofia yake, wamama watatu, watu kama arobaini, wote walikaa chini kwenye mkeka. Tulitundika shuka ukutani na kuonyesha *Matete* kutoka kwenye diski yetu. Stuli ya babu tuliiweka pale pale pembeni, haikukaliwa na mtu. Mwanzoni kila mmoja alikuwa anasema kipande anachokikumbuka. Mshonaji alifanya chefu wa zoni, wakacheka mpaka polisi akavua kofia. Concilie alifanya ng'ombe.

Kisha maji yakarudi, Nsimire akakaa ukingoni, na wote arobaini wakageuka kunitazama mimi. Maneno ninayo, Houda. Yalikuwa hapa hapa ulimini. Niliona Abdu amefumba macho anayangoja. Nilisimama, nikaangalia stuli, nikakaa tena. Sikusema.

Tukasikiliza. Maji, ndege, na matete yakigusana. Dakika nane nzima, watu wazima wa Cibitoke, kwa mara ya kwanza. Abdu alianza kulia, kisha mama mmoja, kisha wote, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake. Concilie alitaja jina la kaka yake, mara moja, taratibu. Mwingine akataja lake. Nami nikataja mawili.

Uliniuliza siku ile ya sinema kwa nini mwishoni hawasemi, nikakudanganya kwamba wameikata. Haijakatwa. Mama wa Nsimire hakurudi. Mama yangu hakurudi. Babu yako hatarudi, na maneno aliyokuwa akiyasema alikuwa akiyasema kwa sababu alimpenda bibi yako na hakuweza kunyamaza.

Lakini mimi si wa filamu. Mimi nina tiketi, ipo mezani hapa mbele yangu, nimeiweka chini ya ubao wa babu isipeperuke. Ni Jumapili, siku ya Iddi, kabla ya chakula cha mchana. Hesabu kwa vidole, ni siku nne, na siku ya nne utasikia ufunguo wangu mlangoni.

Nimechelewa, mwanangu, lakini niko njiani. Mwambie baba aweke chungu jikoni.

Mama yako